Nilisimama upande wa mkwe wangu, na mwanangu bado ni mwanangu

Mzazi anayemwachisha mtoto dawa za hospitali si lazima awe mzazi asiyempenda mtoto wake. Naanza na hilo kwa sababu ugomvi wa namna hii ukishafika kwa majirani, maneno huwa ni yale yale: baba karogwa, au mama ana roho mbaya. Mimi ugomvi huo nimeuona ndani ya familia yangu, kati ya mwanangu wa kumzaa na mkwe wangu. Mtoto aliyekuwa akigombewa ni mjukuu wangu aliyepewa jina langu. Nyumbani namwita Wajina. Baba yake, kwa kuwa mtoto ana jina la mama yake, humwita "mama".

Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi na ninaishi hapa Mwanza. Naandika kwa ajili ya wazazi walio katikati ya mvutano kama ule, na kwa bibi na babu ambao wataambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kazi yao ni kunyamaza. Sitataja majina. Mtoto anakua, na siku moja atajisomea mwenyewe.

Ugonjwa ulivyoingia

Wajina aligundulika kuwa na selimundu akiwa na miezi tisa. Vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia kila anaposhikwa. Tulidhani ameumwa na mdudu. Kipimo cha damu ndicho kilichotuambia.

Jina la ugonjwa lenyewe linajieleza. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mtoto huyu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu yake hupungua hata akila vizuri, na ndiyo maana si kila kinachosifiwa sokoni kuwa "kinaongeza damu" kinagusa shida yake. Damu yake haipungui kwa kukosa mboga za majani. Inapungua kwa sababu inavunjika mapema.

Kliniki walimfundisha mkwe wangu mambo mengi kwa muda mfupi. Foliki asidi kila siku. Penisilini asubuhi na jioni mpaka mtoto atimize miaka mitano. Maji ya kunywa ya kutosha, chandarua kila usiku, nguo nzito wakati wa baridi. Alifundishwa kupapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, aone kama bandama limevimba ghafla. Na juu ya yote hayo aliambiwa kwamba homa kali kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Alipofikisha miaka minne akaanzishiwa haidroksiurea, dawa ambayo kipimo chake hufuata uzito wa mtoto na damu huangaliwa mara kwa mara. Mkwe wangu aliandika kila kitu kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Nimefundisha miaka mingi, lakini wanafunzi wenye daftari kama lile ni wachache.

Upande wetu, yaani upande wa baba, maneno yalianza mapema. "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Wifi zake walisema, baba mdogo akasema. Daktari aliwaita wazazi wote wawili akawapima, akawaeleza kwamba mtoto hawezi kupata selimundu mpaka arithi kutoka pande zote mbili. Wote wawili walikuwa na vinasaba vyake bila kuugua. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kupata mtoto mwenye vinasaba kama wao, na asilimia 25 wa kupata mtoto asiye navyo kabisa. Hakuna ukoo uliomletea mwenzake balaa.

Mkwe wangu alitoka pale amepumua. Mwanangu alitoka kimya. Ninamjua tangu yuko tumboni, na nadhani kuanzia siku ile alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba daktari amekosea.

Chupa ya kijani

Aliyemwambia alipatikana Wajina alipokuwa na miaka sita. Mtoto alikuwa ametoka kulazwa, ameongezwa damu, na baba yake alikuwa amekopa kazini. Mwenzake mmoja akampeleka kwa mtu anayejiita mtaalamu wa tiba lishe. Alirudi na kopo la unga na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa dawa ya kijani. Masharti yalikuwa matatu: mtoto anywe vijiko vitatu kwa siku, asile nyama, na dawa za hospitali ziachwe kabisa kwa sababu "zinagongana".

Niseme wazi kwamba mimi si adui wa mitishamba. Nimelelewa na bibi aliyejua majani. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa mseto ya malaria tunayomeza leo chimbuko lake ni mmea wa pakanga. Nigeria wamewahi kutengeneza dawa ya selimundu kutokana na mimea, ikiitwa Niprisan, ikafanyiwa majaribio kwa wagonjwa kama dawa nyingine yoyote. Na wa umri wangu tunakumbuka mwaka 2011, nchi nzima ilipoelekea Samunge, Loliondo, magari yamepanga foleni kilometa nyingi porini kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Kulikuwa na walimu, viongozi, watu wenye digrii. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani ana masikio makubwa.

Kwa hiyo mwanangu kutafuta dawa ya kienyeji hakukunishtua. Kilichonishtua ni lile sharti la tatu. Tena nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza linalosajili waganga. Nilimuuliza mwanangu, huyu mtaalamu wako ana cheti? Akanijibu, "Mama, mbona daktari hukumuuliza cheti?" Nikamwambia cheti cha daktari kiko ofisini kwa mganga mkuu, cha huyu kiko wapi? Hakupenda.

Ndoa yao haikuvunjwa na chupa peke yake. Kulikuwa na madeni, kulikuwa na kulala nje. Lakini chupa ndiyo iliyokuwa mezani kila usiku. Mama anampa mtoto kidonge, baba anamwambia mtoto atapike. Mkwe wangu alipoona hivyo alimbeba mtoto akahamia kwa dada yake, Igoma.

"Ametimiza saba, ni wa baba"

Likizo ya Juni baba alimchukua mtoto kwa makubaliano ya wiki tatu. Likizo ikaisha, hakumrudisha. Wajina alikuwa ametimiza miaka saba mwezi uliotangulia, na upande wetu wakakaa kikao. Shangazi mtu akasema, "Mtoto ametimiza saba. Sasa ni wa baba, hata sheria inasema."

Sheria haisemi hivyo, na kwa kuwa nimesikia maneno haya katika nyumba nyingi, nitayaeleza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Basi. Haisemi kwamba siku anapotimiza saba anahamia kwa baba kama ng'ombe wa mahari. Mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto mwenyewe. Inaangalia pia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaweka mbele maslahi ya mtoto, na inataja matibabu, pamoja na chanjo, kati ya mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mwanawe. Ni wajibu, hauondoki kwa sababu mzazi amebadilisha imani yake kuhusu dawa.

Nilisema hayo kikaoni. Baba mdogo akaniambia, "Wewe ni mama wa mume. Ukienda kusema upande wa pili, utakuwa unamvua nguo mwanao." Nikamjibu kwamba nani amevuliwa nguo tutajua baadaye, sasa hivi nauliza dawa za mtoto ziko wapi. Hakuna aliyejua. Jioni ile nilimpigia mkwe wangu simu, na kesho yake alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kueleza. Mwanangu akapewa wito wa kufika Jumatatu ya wiki iliyofuata. Alipoupata, alimhamishia mtoto kwenye chumba alichopanga.

Siku nzuri

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mzazi mwenye mtoto wa selimundu alielewe, kwa sababu ndilo linalowanasa wengi.

Ugonjwa huu huja na kuondoka. Mtoto anaweza kukaa wiki nyingi bila maumivu, akacheza, akaenda shule, kisha siku moja akaanguka. Tena haidroksiurea haifanyi kazi kwa siku moja na haiishi nguvu kwa siku moja. Faida yake hujengeka kwa miezi, na mtu akiiacha, faida hiyo hupungua taratibu. Kwa hiyo baba anapoacha dawa za hospitali leo na kuanza chupa ya kijani kesho, wiki za mwanzo zitakuwa nzuri. Anakula akiba ambayo hospitali iliweka, halafu anamshukuru mwingine.

Mwanangu alinitumia video. Mtoto anaruka kamba uani, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo. Chini akaandika, "Mama, wiki ya nne hii. Hakuna kidonge hata kimoja. Mnasemaje?" Alikuwa na furaha ya kweli. Niliangalia ile video mara nyingi, na kila mara nilimwona mtoto akimwangalia aliyeshika simu.

Jumamosi moja alipata kazi ya dharura nje ya mji, akamleta mtoto kwangu. Alisema amechoka tu, alale. Saa tisa alasiri niliingia chumbani nikamkuta amejifunika blanketi kwenye joto la Mwanza, ameng'ata kona ya kanga yangu. Mwili ulikuwa moto. Nilimuuliza unaumwa wapi, akasema kifua na miguu. Tangu lini? Tangu juzi. Mbona hukusema?

Akaniambia, "Bibi, usimwambie baba. Atasema dawa yake imeshindwa."

Bajaji ilifika ndani ya dakika kumi. Hospitali walimkuta na nimonia na damu imeshuka sana. Alilazwa siku sita na kuongezewa damu. Mama yake alilala kwenye kiti siku zote sita.

Nataka niwaeleze kilichoniuma zaidi, maana nimonia hutibiwa. Mtoto yule alikuwa ameficha maumivu siku mbili ili asimharibie baba yake furaha. Alikuwa ameshakuwa ushahidi. Akiwa mzima, baba ameshinda, akiugua, mama ameshinda. Na mtoto anayempenda baba yake atajaribu kuwa mzima kwa nguvu zote. Kwa ugonjwa mwingine pengine angechelewa siku mbili na mambo yakaisha. Kwa selimundu, siku mbili za homa iliyofichwa zinaweza kuondoka na mtoto.

Mwanangu alifika usiku ule. Alisimama mlangoni mwa wodi akaniambia, "Mama, ungenisubiri." Nikamwambia, "Ningekusubiri wewe, yeye asingetusubiri." Alikaa kwenye benchi la nje hadi asubuhi. Hakuondoka. Hilo nalo nimelisema kila mahali nilipoulizwa.

Walichouliza, na ambacho hawakuuliza

Shauri la talaka lilifunguliwa baada ya baraza la usuluhishi la ndoa kushindwa kuwapatanisha, na suala la nani akae na mtoto likawa ndani yake. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto. Kwa hiyo ofisa ustawi wa jamii alipita nyumba hadi nyumba. Alikwenda Igoma, alikwenda kwenye chumba cha mwanangu, akaja kwangu.

Mwanangu alijiandaa kwa mjadala. Alikuwa amechapisha makaratasi kuhusu madhara ya kemikali, amepigia mstari. Mkwe wangu naye alijiandaa kuthibitisha kwamba mitishamba ni sumu. Wote wawili walidhani watakwenda kubishana dawa ipi ni ya kweli.

Ofisa hakuuliza hivyo. Aliuliza kadi ya kliniki iko kwa nani. Tarehe ya kliniki ijayo ni lini. Shule ni ipi, na mwalimu wa darasa anaitwa nani. Nani anapika asubuhi. Kisha akamuuliza kila mmoja, kwa wakati wake, swali moja: "Ikiwa saa nane usiku mtoto ana homa kali, utafanya nini, hatua kwa hatua?"

Mkwe wangu alisema anapima joto, anapapasa bandama, anampigia dereva wa bajaji ambaye namba yake imebandikwa mlangoni, anachukua kadi na mfuko uliofungwa tayari. Mwanangu, mwenyewe baadaye alinisimulia, alijibu kwamba kwanza angempigia mtaalamu wake. Ofisa akaandika. Hakumkaripia, hakumcheka.

Mtoto naye aliulizwa, peke yake, bila mzazi. Sijui alisema nini na sijamuuliza. Niliwaonya wote wawili wasimfundishe la kusema. Mtoto wa miaka saba akifundishwa maneno ya kusema mbele ya wakubwa, anabeba mzigo huo hata baada ya kesi kwisha.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimeshapigiwa simu na watu watatu wa ukoo. Nilisema hivi. Mwanangu anampenda binti yake. Anamwogesha, anamsuka nywele vibaya lakini anamsuka, anajua kwamba halali mpaka taa ya koridoni iwake. Sijamwona akimpiga. Lakini mtoto huyu ana ugonjwa ambao usiku mmoja unatosha, na kwa usiku huo, mtu ninayemwamini ni mama yake. Nikaongeza ambalo mkwe wangu hakulipenda: tafadhali msimkate baba. Mwekeeni masharti, lakini msimkate.

Uamuzi

Mahakama iliamua mtoto aishi na mama. Baba anampata wikiendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo, na anatoa matunzo. Masharti yaliandikwa kwa lugha ya vitendo. Dawa zilizoandikwa na kliniki mtoto azimeze popote anapolala, na mzazi anayekabidhi mtoto akabidhi na dawa. Hakuna dawa nyingine, ya duka wala ya miti, bila daktari wa kliniki kujua. Homa ikipanda, hospitali kwanza, simu kwa mzazi mwenzake pili. Kadi ya kliniki isafiri na mtoto.

Mwanangu hakusema nami kwa miezi miwili. Wikiendi ya kwanza hakwenda kumchukua mtoto, ya pili pia hakwenda. Ndugu zake waliniambia nimepoteza mtoto kwa ajili ya mtoto wa watu. Sikuwajibu, maana mjukuu wangu si mtoto wa watu, na mama yake ameshalala kwenye kiti cha wodi mara nyingi kuliko wao wote walivyowahi kufika kumwona mgonjwa.

Wikiendi ya tano alikwenda. Alipokea mfuko wa dawa bila kusalimia. Jumapili jioni alimrudisha mtoto na mfuko, na mkwe wangu alipohesabu vidonge vilikuwa sawasawa.

Nisiwadanganye kwamba amebadilika. Bado anaamini chupa ya kijani ingefaulu kama angeachwa amalize dozi. Lakini alifanya jambo moja ambalo kwangu ni kubwa. Alimbeba mwenyewe mtoto hadi kliniki siku ya miadi, na akaibeba chupa. Daktari hakumfukuza. Alimwambia kwamba hawezi kuruhusu kitu ambacho hajui ndani yake kuna nini, kwa sababu mtoto tayari yuko kwenye dawa inayogusa damu, na ini na figo zake ni vya kulinda. Lakini mlenda, mchicha, maharage, matunda, na maji mengi, hivyo baba anaweza kumpa kadiri atakavyo. Mwanangu sasa ndiye mpishi wa mboga wikiendi. Amepata sehemu yake ya kumtibu binti yake, na nadhani ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Kwa mzazi aliye kwenye mvutano huu leo

Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, ana homa, hapumui vizuri, ana maumivu yasiyotulia au ghafla mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, usisubiri tarehe ya kesi wala kikao cha ukoo. Mpeleke hospitali kwanza. Mengine yatafuata.

Kama kuna nafasi ya kuzungumza, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Kueleza tatizo lako pale hakuhitaji wakili. Nenda na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na daftari. Daftari la mkwe wangu, lenye tarehe, joto la mwili, dawa iliyotolewa na siku ya kulazwa, lilisema zaidi ya mashahidi watano.

Usiende kushtaki imani ya mwenzako. Ukisema "ni mshirikina" au "anatumia majani", utaonekana unagombana na mila, na nusu ya watu walioko pale wana chupa ya mizizi nyumbani kwao. Sema kilichotokea: tarehe fulani aliacha kumpa dawa fulani, tarehe fulani mtoto alilazwa. Na unapoomba, omba kwa vitendo. "Amtunze vizuri" kila mtu atasema ametunza. "Ampe dawa saa mbili asubuhi na aweke alama kwenye daftari" kunaweza kuangaliwa.

Kama wewe ndiye unayeamini tiba asili, mwulize anayekutibia mtoto maswali mawili. Umesajiliwa? Na je, uko tayari niendelee na dawa za kliniki na daktari ajue ninachotumia? Anayekwambia uache dawa za hospitali ndipo yake ifanye kazi anakutaka ufunge mlango wa nyuma kabla moto haujawaka.

Na kwa wote wawili: sikilizeni mtoto anavyozungumza akiwa nyumba ya pili. Akianza kusema "sijambo" haraka sana, akianza kuuliza kwanza nani yupo ndipo aseme anaumwa wapi, ameshaingizwa kwenye kesi. Mwambieni, kila mmoja kwa mdomo wake, kwamba akiumwa hajamkosea mtu.

Mwanangu alimwambia hivyo Wajina mbele yangu, mwezi uliopita. Ilimchukua muda kulipata neno, na alilisema akiwa anaangalia ukutani. Wiki iliyofuata, akiwa kwa baba yake usiku, mtoto alimwamsha akasema, "Baba, mguu unauma." Alimpa dawa ya maumivu iliyoandikwa na kliniki, akamnywesha maji, akampima joto, kisha akampigia simu mama yake. Ilikuwa saa tisa usiku. Mkwe wangu ananiambia waliongea dakika nne, na hawakugombana.